Mkono wa Bibi Anande

Nyie mnaojiandaa na mtihani wa uhudumu wa afya, naanza kwa kuwagombeza, halafu tutapatana.

Jumamosi mlikuja sita hapa kwangu Kirua Vunjo kufanyia mazoezi kwenye mwili wangu. Sikatai, mimi ndiye niliyemwambia mjukuu wangu Haika awalete wenzake wa chuo. Nilimwambia bibi amestaafu lakini mwili bado upo, njooni muupime mtakavyo. Nikalala kitandani kama mgonjwa. Mmoja akanipima joto, mwingine presha, na wa tatu akanihesabu mapigo ya moyo kwa kidole gumba. Gumba! Mwanangu, gumba lina mapigo yake lenyewe. Ulikuwa unajihesabu wewe, na kwa woga uliokuwa nao ukaandika mapigo ya mtu anayekimbizwa na nyuki. Tumia kidole cha shahada na cha kati, na ushike taratibu, husongi ugali.

Lakini hilo la gumba halikuniudhi, hata mimi nimelifanya. Kilichoniudhi ni kingine. Kila mmoja aliingia, akanawa vizuri mpaka kwenye kucha, akakausha mikono, akasogea kitandani. Mimi nikamnyoshea mkono nimsalimie. Na nyote sita, Haika akiwemo, mkainua mikono juu kama watu waliokamatwa na polisi: "Bibi, nimeshanawa!"

Nikaurudisha mkono wangu. Mlidhani nimechoka, mkanifunika blanketi, mkala ndizi zangu, mkashuka zenu mjini. Haika alibaki, na jioni ile nikamsimulia yeye peke yake. Leo naona si haki. Zamu yenu ya mtihani wa vitendo ni wiki ijayo. Haika kundi lake limeshafanya, na leo ndiyo wanabandikiwa majibu huko chuoni. Mimi hapa siwezi kukaa wala kusimama, nimeshachungulia njia mara tano tangu asubuhi. Bora nishike kalamu, na nyie mpate chenu.

Niliingia hospitalini nikiwa sina cheti cha aina yoyote. Hospitali ilikuwa Moshi mjini, jina liacheni. Siku hizo walihitaji mikono, na mimi nilikuwa nayo miwili, imezoea kukata majani ya ng'ombe na kuchuma kahawa. Nikapewa sare, nikapelekwa wodi ya wanawake kwa Sista Manka. Tulimwita sista kwa sababu ndiye muuguzi mkuu wa wodi, msije mkadhani alikuwa mtawa. Alikuwa na mume na watoto watano, na sauti yake ilisikika mpaka geti la nje.

Siku ya kwanza aliniuliza, "Ndeshi, mkungu wa ndizi unaubebaje?"

Nikamwambia nachuchumaa, naukumbatia karibu na kifua, nainuka kwa miguu.

"Basi mgonjwa ni hivyo hivyo. Ukimwinua kwa mgongo, mwezi ujao utalala kitanda cha pembeni yake, na mimi sina kitanda cha ziada."

Ndivyo alivyofundisha yule mama, kila kitu alikitoa nyumbani kwetu. Asubuhi za mwezi wa saba, mnajua baridi yetu ilivyo, alinikuta napeleka bedipani ya chuma kwa mgonjwa moja kwa moja kutoka kwenye kabati. Akaninyang'anya, akanigusisha nayo shingoni. Nikaruka! "Na yeye ataruka," akasema, "na ana mshono." Tangu siku hiyo niliisuuza kwanza kwa maji ya moto nikaikausha. Sasa za kwenu ni za plastiki, hazina ubaridi ule, lakini mgonjwa akiona umemfikiria anapona hata pale ambapo dawa haijafika.

Kulisha nako nilijifunza kwa aibu. Nilimpa mama mmoja mtori mbele ya ndugu zake, na mtori mnaujua, ile supu nzito ya ndizi, juu unaonekana umepoa kumbe ndani unachemka kama umetoka jikoni sasa hivi. Yule mama alimeza kijiko cha kwanza, macho yakamtoka, lakini kwa heshima yake hakutema. Mwanaye akanitazama weee! Tokea hapo nilipima joto kwa kudondosha tone nyuma ya kiganja changu, na nilichota pembeni mwa bakuli, si katikati. Hilo sijui kama liko kwenye vitabu vyenu. Liandikeni.

Nilifanya kazi hivyo kwa miaka, na nawaambia kweli, niliipenda. Wengine walikuja kusubiri jioni ifike, mimi nilikuja kazini nikiwa na haraka ya kujua nani ameamka vizuri. Basi siku moja ikaja barua. Wahudumu wote wasio na cheti waende mafunzo ya muda mfupi, kisha wafanye mtihani, wa maandishi na wa vitendo. Ukifeli, unarudia mara moja tu. Ukifeli tena, unatoka wodini, unatafutiwa kazi ya kufua mashuka au unarudi kwenu.

Kufua mashuka ni kazi ya heshima, sidharau. Lakini mimi kuwa chini huko kwenye mapipa ya sabuni, nisijue kitanda cha tatu ameamkaje? Nilijua hilo litanimaliza.

Nikasoma. Sikuwa na simu ya kunisomea kwa sauti kama nyie. Nilibandika karatasi kwenye ukuta wa jikoni, mama yangu anakoroga uji na mimi nakariri hatua za kunawa mikono mpaka naye akazijua. Mtihani wa maandishi nikaupita. Ukabaki wa vitendo, na nikapangiwa kusafisha kidonda na kufunga bandeji, nusu saa, mtahini amesimama na ubao wake wa alama.

Mgonjwa wangu alikuwa Bibi Anande.

Huyu Bibi Anande alikuwa wa Kirua kama mimi, vijiji viwili juu ya kwetu. Alijikata muundi kwa panga akiwakatia ng'ombe majani, kidonda kikachimba, akaletwa mjini. Nilikuwa nimemhudumia zaidi ya wiki mbili. Kila asubuhi nikifika, kabla ya kingine chochote, ananyosha mkono, nampa wangu, anaushika haswa, hauachii. "Shimbonyi," ananiambia, salamu ya kwetu. Anauliza mama hajambo, ng'ombe amezaa, mgomba ule ulioangushwa na upepo mliufanyaje. Yakiisha ndipo naenda kunawa, nakuja kumfungua bandeji, naye anatoa mguu bila neno. Watahini walipouliza nani anakubali kutumika kwenye mtihani, yeye ndiye aliyejitaja. "Huyu ni mtoto wetu," akawaambia, "mimi nitampitisha."

Nilipoona kitandani ni yeye, nikasema hapa nimepita.

Sasa angalieni ujinga wa mtu aliyesoma sana siku tatu na kulala kidogo. Niliingia pale macho yangu yakiwa kwenye ubao wa mtahini. Mtahini mwenyewe alikuwa mama mwembamba mwenye miwani, mgeni wa mkoa, hacheki. Kichwani mwangu hatua zinapita tu kama treni: nawa, kausha, usiguse kitu, vaa glavu. Nikapita mbele ya Bibi Anande bila kumtazama, moja kwa moja kwenye bomba. Nikanawa vizuri ajabu. Nikakausha. Nikageuka.

Bibi alikuwa ameshanyosha mkono. "Shimbonyi, Ndeshi."

Nami nikainua mikono yangu juu, hivi hivi kama mlivyofanya nyie Jumamosi, nikasema kwa sauti ili mtahini asikie, "Bibi, nimeshanawa!"

Ule mkono ulibaki hewani kidogo. Halafu akaurudisha pole pole, akauingiza chini ya blanketi. Akasema kwa Kiswahili, si kwa Kichagga, ili kila mtu wodini aelewe: "Kumbe mkono wangu ni uchafu."

Akageukia ukutani. Na mguu akaukunja.

Nikaanza kubembeleza. Bibi samahani, bibi nipe mguu, bibi ni mtihani. Nilijaribu kuushika mguu kwa upole, akauvuta zaidi. Wagonjwa wengine wakaanza kunong'ona, mmoja akasema wazi, "Watoto wa siku hizi!" Nimesimama na glavu mkononi, jasho linanitoka kwenye baridi. Nusu saa yote ikaisha hivyo. Mtahini akatazama saa, akaandika mstari mmoja, akaniambia bila ukali, "Muda umekwisha, dada. Hukumgusa mgonjwa."

Nililia kule stoo ya mashuka mpaka nikapata kwikwi. Sista Manka akanikuta. Nilidhani atanigombeza mpaka geti lisikie, lakini alikaa juu ya furushi la mablanketi, akaniacha nimalize.

"Umefeli mtihani," akasema. "Hilo lina dawa, utarudia. Na yule bibi?"

Sikuwa nimemfikiria. Nawaambia ukweli wangu ulivyo wa aibu: kwa saa nzima nililia kwa ajili ya cheti, na sikukumbuka hata mara moja kwamba nimemnyima mkono mtu mzima mbele ya watu, mtu aliyejitolea kunisaidia.

Jioni nikapanda kwetu. Asubuhi na mapema nikaingia kihambani, shamba letu la migomba la nyumbani, kwenye mpaka wetu na jirani ambako mimea ya masale imejipanga, nikakata jani moja la isale. Mama akaniona kupitia mlango wa jikoni. Kwetu isale halikatwi la kuchezea. Mtu akilibeba, amekosa, anakwenda kuomba msamaha, na anayeletewa hapaswi kulikataa.

"Umemkosea nani?" mama akauliza.

Nikamwambia yote. Akashika kiuno. "Ndeshi! Ulimwambia mtu mzima umeshanawa? Mimi ningekuwa yeye ningekupiga teke kwa mguu huo huo mbovu!" Halafu akanijazia maziwa kwenye chupa nimpelekee, na akanisindikiza mpaka barabarani kwa maneno, sitayarudia hapa.

Nilificha lile jani ndani ya sare. Wodini nikasimama kando ya kitanda cha Bibi Anande, bado kanigeuzia mgongo. Nikalitoa, nikalishika kwa mikono miwili, nikasema, "Bibi, nimekukosea. Nimekuja."

Hakugeuka mara moja. Nilisimama mpaka magoti yakaanza kuniuma. Kisha akageuka, akalitazama jani, akanitazama mimi nilivyovimba macho, akalipokea. Na akaanza kucheka, kicheko cha kikohozi, huku anajishika mbavu.

"Wewe mtoto," akasema, "maji ya mlima huu yameisha lini?"

Sikuelewa.

"Nakuuliza. Mifongo yote hii, mifereji inayoshuka kutoka juu, imekauka? Bomba lile pale limekauka? Ungenipa mkono, tukasalimiana kama watu, ukarudi ukanawa tena. Kuna nani aliyekuwekea kipimo cha maji?"

Jamani. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, ambapo hata hapo ni kosa, hairuhusiwi kukaa kwenye kitanda cha mgonjwa, na nikacheka na kulia pamoja. Nilikuwa nimekariri hatua zote, na hiyo ndogo ya kurudi bombani haikuwahi kunipitia akilini. Nilidhani kunawa ni mara moja, kama ubatizo.

Bibi Anande akanyosha mkono. Nikampa wangu. Akaushika haswa.

Tokea hapo akawa mwalimu wangu, tena mkorofi. Sista Manka alisimama na saa yake, nami nafanya kama ni mtihani, na Bibi Anande kazi yake ni kunitega. Nikishanawa tu, ananyosha mkono. Nikishakausha, anaangusha leso yake sakafuni, anaomba nimwokotee. Nikishavaa glavu, anasema nywele zimemwingia machoni. Kila mara nafanya analotaka, narudi bombani, nanawa upya. Mara ya kwanza nilitumia karibu saa nzima, Sista Manka akasema hapo mgonjwa angepona mwenyewe. Tukatafuta wapi pa kuokoa muda. Tukapata: salamu zote ziwe mwanzo kabisa, kabla ya maji, na zisikimbizwe. Ukimsalimia mtu vizuri mwanzoni, hakusumbui katikati. Na vifaa vyote viwe kwenye toroli kwa mpangilio wa matumizi, cha kwanza karibu, cha mwisho mbali, usizunguke kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Sista Manka akaongeza lake. "Ndoo yenye bomba iwe imejaa, kila siku, hata kama bomba la ukutani linatoa. Anayeliamini bomba la wodi siku moja atanawa kwa mate."

Bibi Anande akapona, akarudi kwake kabla ya mtihani wangu wa pili. Alipoondoka aliniambia nikipita nipande nikamwambie, na nikifeli pia nipande, ndizi za kula zitakuwepo.

Siku ikafika. Mtahini yule yule mwembamba. Safari hii wodi ya wanaume, mgonjwa ni babu wa Sanya Juu, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekanyagwa mguu na dume mnadani. Nikapita kwanza kwenye ndoo, nikaijaza mpaka juu. Mtahini akaandika kitu, sijui nini.

Kisha nikaenda kwa babu. "Shikamoo, meku," nikamwambia, ndivyo tunavyomwita mzee wa kiume kwetu.

"Marahaba. Wewe wa wapi?"

Nikampa mkono, nikamwambia wa Kirua, nikajitambulisha jina, nikamweleza nimekuja kumsafisha kidonda, kama anaridhia. Akauliza habari za kahawa ya huko, nikamjibu. Akauliza mvua, nikajibu. Sikumkimbiza. Alipotosheka akasema, "Haya, fanya kazi yako." Nikavuta pazia, nikaenda bombani, nikanawa, nikakausha, nikageuka.

Babu ameketi wima, macho yamemtoka kwa furaha. "Kirua! Ngoja kwanza! Mama yangu mkubwa aliolewa Kirua! Nyie ni ukoo gani?"

Nikamtajia.

"Weee! Basi wewe ni mtu wetu! Lete mkono!"

Na akaunyosha ule mkono wa muuza ng'ombe, mpana, kucha zina historia. Mnajua kwetu ukigundulika ni ndugu, ile salamu ya kwanza haihesabiki tena, inaanza upya. Nilimwona mtahini kwa pembeni, kalamu yake imesimama juu ya karatasi. Dakika zinakwenda. Nikasikia sauti yangu mwenyewe, ile ya kwanza, inataka kutoka: nimeshanawa. Nikaimeza.

Nikampa mkono. Akautikisa mpaka kofia yangu ikaenda upande. Nikamwambia, "Nimefurahi, meku, sasa nikanawe tena nije nikutunze." Nikarudi kwenye bomba la ukutani, nikafungua.

Likakohoa. Likatoa matone mawili. Likanyamaza.

Yesu na Maria! Nilitazama lile bomba nikasema hili limetumwa. Halafu nikakumbuka ndoo. Nikageuka, nikafungua kibomba cha ndoo, maji yakatoka, baridi, mengi, na nikanawa hatua zote bila kuruka hata moja huku machozi yananilenga. Babu akatoa mguu mwenyewe, hata sikumwomba. Nilifungua bandeji, nikasafisha kuanzia katikati kwenda nje, kila pamba mara moja tu na kutupwa, nikafunga bandeji si ya kubana wala ya kulegea, nikamuuliza kama vidole vina ganzi, nikakusanya taka, nikanawa tena. Zilibaki dakika chache tu.

Mtahini akavua miwani. "Ulikuwa umeshanawa," akaniuliza. "Kwa nini ulimpa mkono na muda unakwenda?"

Nikasema lililokuja: "Nikimnyima mkono, atanipaje kidonda chake?"

Akaandika. Akatazama ndoo, akaandika tena. Sura yake ilikuwa ile ile, na mimi nikatoka pale sijui nimepita au nimezikwa.

Majibu yalipobandikwa, sikuthubutu kusoma. Nilimwomba mzee wa getini anisomee, na yule mzee, Mungu amrehemu, alisoma orodha nzima kutoka juu, jina kwa jina, akisimama kusafisha koo. Alipofika kwangu akasema, "Ndeshi... amefaulu," kisha akaendelea na wa chini yangu! Nikamkumbatia na orodha yake. Nilihisi mwili wote umekuwa mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni aliosahau kuwa ameubeba. Nikakimbia wodini, nikamwambia Sista Manka. Akanitazama, mdomo ukamchezacheza, akageukia dirishani kidogo. Kisha akasema, "Vizuri. Kitanda cha nne anahitaji bedipani."

Nikaisuuza kwa maji ya moto nikaipeleka. Sijawahi kupeleka bedipani kwa furaha kama ile.

Jumapili nikapanda kwa Bibi Anande. Alinisikia kutoka mbali, akatoka mlangoni akiwa ameshanyosha mkono.

Nimekuwa mhudumu tangu hapo mpaka niliponyosha mgongo na kustaafu. Vifaa vimebadilika. Vipimajoto vya zebaki vimeondoka, dawa ya kutakasa mikono mnaibeba mfukoni kwenye kichupa, mnaipaka huku mnatembea, mnawashinda sana wenzenu wa zamani kwa haraka. Basi sasa ndiyo hamna kisingizio kabisa. Sisi tulitembea wodi nzima kufuata bomba, nyie maji yenu yako mfukoni, na bado mnamwambia bibi mmeshanawa. Niliponyosha mkono Jumamosi nilikuwa namfanyia kila mmoja wenu kile nilichofanyiwa mimi, na mkaanguka sita kwa sita. Msihuzunike, hamjafeli popote ila kitandani kwangu. Kufelia kwangu hakuna gharama, na ndizi mlikula.

Nilikuwa nataka kuwaeleza pia habari ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia, na

Niliacha hapo juu katikati ya sentensi kwa sababu kukaa na kalamu kulinishinda. Sasa ni jioni, naendelea.

Nilihamia nyuma ya nyumba kumenya ndizi za mtori, maana nikiwa na wasiwasi lazima mikono ishike kitu. Mnajua utomvu wa ndizi mbichi, mikono ilikuwa myeusi, inanata, imeshika na majivu. Mbwa akabweka, nikainua kichwa, nikamwona Haika anakuja kati ya migomba. Hatembei wala hakimbii. Usoni sikuweza kusoma kitu.

Akafika. "Shikamoo, bibi." Akanyosha mkono.

Nikarudisha yangu nyuma, nikaificha kwenye khanga. "Marahaba mama, usinishike, mikono michafu hii, utomvu mtupu. Sema kwanza, majibu?"

Hakusema majibu. Aliinama, akauvuta mkono wangu kutoka kwenye khanga, na utomvu wake na majivu yake, akaushika haswa, hauachii.

"Bibi," akasema, "maji ya mlima huu yameisha lini?"

Hapo nikajua amefaulu.